Mgeni Wetu, Ulitukimbia



Leo nataka tuzungumze kuhusu kutazama. Ndiyo, kutazama tu: kusimama pembeni ya uwanja, mkoba begani, njugu mkononi, wengine wacheze na wewe uangalie. Wengi wetu tunaamini hilo halina hesabu. Aliyecheza ndiye aliyecheza, aliyetukana ndiye aliyetukana, sisi tulikuwa tunapita. Na mie nilikuwa naamini hivyo hivyo, mpaka mwezi wa sita nilipokwenda Mkula.

Mkula iko wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, huko Usukumani. Kwa sisi watu wa visiwani ni safari kweli kweli: boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Mwanza, kisha unashika barabara ya Musoma, unapita Kisesa, Magu na Nyashimo mpaka Lamadi, ndipo unaulizia Mkula. Wengi wanaijua kwa hospitali yake ya AICT. Mie naijua kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, akaolewa huko, na tangu siku hiyo ananiita niende kumtazama. Yeye ni Mkristo, mie Muislamu, na tangu tuko chuo kila mmoja anamwamsha mwenzake kwa ibada yake.

Simiyu ni nchi ya pamba. Ukifika mwezi wa sita mavuno yamekwisha au yanakwisha, watu wana nafasi, na ndio msimu wa ngoma kushindana. "Njoo wikiendi ya mashindano," aliniambia kwenye simu. "Huna la kufanya, njoo utazame tu."

Nikaenda kutazama tu.

Wagika na Wagalu

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe, maana bila hivyo hamtaona nilikosea wapi.

Wasukuma wana jumuiya mbili kubwa za ngoma, Wagika na Wagalu. Simulizi zao zinasema mambo yalianza katikati ya karne ya 19, kwa watu wawili, Ngika na Gumha, wote mafundi wa ngoma na wajuzi wa dawa, walioshindana kujua nani zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu, na ushindani haujaisha mpaka leo. Fikiria Simba na Yanga, lakini Simba na Yanga ambayo mchezaji ni shangazi yako, babu yako na yule kijana anayekuuzia sukari. Hakuna anayesajiliwa kutoka mbali. Unacheza ulipozaliwa au ulipoolewa.

Ngoma zenyewe ni nyingi, na nyingi zimetoka kwenye kazi. Ipo bugobogobo ya wakulima, wanaocheza na majembe, wanayarusha na kuyadaka kama sisi tunavyochezea kanga. Ipo bununguli, ambayo asili yake ni wawindaji wa nungu waliokuwa wanaharibu mashamba. Wapo Wayeye, wanaocheza na nyoka, na hawa si wa mzaha: ndio watu ambao jamii iliwategemea kwa dawa za kuumwa na nyoka. Mbele ya kila kikundi yuko manju, anayetunga na kuongoza nyimbo, na nyimbo hizo zina kila kitu ndani yake: bei ya pamba, mke mvivu, mume mlevi, na vijembe kwa upande wa pili ambavyo hata mie nisiyejua Kisukuma niliona vinachoma.

Sasa sikilizeni anavyopatikana mshindi. Katika mashindano ya jadi hakuna jaji wa kukaa mezani na kalamu. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, mahali pamoja, kimoja huku na kimoja kule. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Kila kikundi kinafanya kila kiwezalo kuwavuta: nyimbo mpya, mavazi, vituko, wanyama, vichekesho. Mwisho wa mchezo, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Basi. Hakuna magoli, hakuna pointi. Kura ni miguu ya watazamaji.

Rafiki yangu alinieleza haya yote usiku wa Ijumaa, tunakula ugali na sato, na mie nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumamosi nilikuwa mtu mwema

Mama wa rafiki yangu ni mwimbaji wa kikundi cha Wagalu. Amepita miaka sitini. Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta ameshatoka kuteka maji, ameshapika, na sasa anaoshea magoti yake maji ya moto ili yamruhusu kucheza. Nikamwamkia kwa neno moja la Kisukuma nililofundishwa, "mwangaluka", akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia wamefanya mazoezi tangu mavuno yalipoanza, jioni baada ya shamba. Hawalipwi. Kitenge cha sare kila mtu kanunua mwenyewe, na wapo waliouza kuku kukipata.

Siku hiyo nilisimama na Wagalu mwanzo mpaka mwisho. Jua lilinichoma, vumbi liliniingia mpaka ndani ya mtandio, lakini sikutoka. Kila mama yule akizunguka ananiona, na akiniona anaongeza sauti. Nilidhani ananiangalia kwa kuwa mie ni kioja, buibui jeusi peke yake uwanja mzima. Haikunipitia akilini kwamba alikuwa ananihesabu.

Jumapili nikakimbia

Jumapili wenyeji wangu walikwenda kanisani, mie nikabaki na watoto na chungu cha maharage. Mchana nikasali Adhuhuri, tukatoka.

Wagalu walikuwa wanaongoza. Sina ujuzi wa kuhesabu umati, lakini hata mgeni angeona: duara letu lilikuwa na safu tano sita za watu, duara la wenzetu safu mbili. Majembe yanapanda na kushuka, vumbi linafuka, mama yule yuko mstari wa mbele, jasho linamtiririka mpaka shingoni, na sauti yake ilikuwa juu ya sauti zote.

Mara upande wa pili ukazuka ukelele. Mtu mmoja alikuwa ameinama kwenye kapu, na alipoinuka alikuwa na chatu mabegani, mnene kama paja la mtu mzima. Akamzungusha shingoni, akambusu kichwani, akaanza kucheza naye.

Umati ukageuka. Nani alikimbia wa mwanzo sijui, ila najua mie sikuwa wa mwisho. Nilinyanyua buibui kwa mkono mmoja, simu kwa mkono wa pili, nikaenda mbio pamoja na watoto. Nikapenya mpaka mbele. Nikapiga video ya dakika mbili nzuri sana, nikaituma papo hapo kwa mashoga zangu wa Unguja, na majibu yakaanza kuingia: "We! Toka hapo!" "Mwenzetu karogwa!" Nikawa nacheka peke yangu.

Nilipogeuka nyuma, duara la Wagalu lilikuwa limebaki na wazee wachache, mama wajawazito na watoto waliobebwa mgongoni. Ngoma yao haikusimama. Waliendelea kuimba vile vile, kama uwanja umejaa. Mama yule alikuwa bado mstari wa mbele.

Muda si mrefu mashindano yakafungwa. Wagika walishinda.

Usiku tumekaa uani, mama akaja na kitambaa, akakifungua mapajani pangu: michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, zawadi ya kunirudisha nayo nyumbani. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, na huku anacheka:

"Mgeni wetu, ulitukimbia."

Wote wakacheka. Na mie nikacheka. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kitandani, uso unaniwaka moto. Nikamwambia rafiki yangu, "Lakini mie nilikuja kutazama tu." Akanijibu bila hasira yoyote, "Hapa hakuna kutazama tu. Ukisimama umewapa, ukiondoka umewanyima."

Dawa iliyonivuta

Jirani mmoja aliyekuwa pale uani alisema tusijilaumu, wenzetu walikuwa na dawa ya mvuto. Ni maneno ya kawaida katika mashindano haya, kwamba upande fulani una mtu wake anayeita watu kwa dawa. Kwa imani yangu hapo sina la kuongeza: Muislamu hategemei kivutio kingine zaidi ya kile Mola alichompa, na mganga wa kuita watu si mtu wa kumsogelea wala kumtania. Mama mwenyewe, kwa imani yake, alisema kikundi chao huanza kwa sala na kinamaliza kwa sala, na kushindwa ni kushindwa.

Lakini niseme kweli mbele yenu, kwa sababu mengine yote ya leo yanasimama juu ya hili. Sikuvutwa na dawa. Nilivutwa na simu yangu. Nilitaka kuwa mtu aliyemwona chatu. Mtu aliyenilaza kwake, akanipikia, akauza kuku wake kununua kitenge, nilimwacha kwa ajili ya video ya dakika mbili ambayo kufikia Jumatatu hakuna aliyekuwa akiizungumza.

Na tena, yule mcheza nyoka naye hakufaidika kitu kutoka kwangu. Sikumwuliza jina la ngoma yake, wala alijifunza kwa nani, wala dawa ya kuumwa na nyoka inapatikanaje. Nilichukua nilichotaka nikaondoka. Kumbe unaweza kumkimbia mmoja na usiwe na mwengine pia.

Je, tusiende?

Najua wapo dada zangu ambao tangu aya ya kwanza wanatikisa kichwa. Mwanamke muumini ana kazi gani uwanjani? Ngoma, vumbi, wanaume, nyoka! Si bora ukae nyumbani?

Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na hoja yangu wanaijua. Imo katika Bukhari na Muslim: Wahabeshi walikuwa wanacheza na mikuki yao msikitini Madina, siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsimamisha Bibi Aisha (r.a.) nyuma yake, akamkinga kwa nguo yake, naye akatazama. Hakumharakisha. Alisimama naye mpaka mwenyewe Bibi Aisha alipotosheka. Mama wa Waumini alikuwa mtazamaji, na mume wake, mbora wa viumbe, alikuwa ndio ukuta wake. Basi asinifungie mtu mlango ambao Mtume aliufungua.

Ila tuitazame vizuri picha ile. Kulikuwa na sitara. Kulikuwa na watu wa heshima waliokuwa wanacheza mchezo wa heshima, na Mtume akiwatia moyo waendelee. Na yeye alisimama mpaka mwisho wa haja ya mtu aliyekuja naye, japokuwa ana umma mzima wa kushughulikia. Hapo yamo mafunzo matatu: utatazama nini, utatazama vipi, na umesimama na nani.

Wakristo nao walikutana na swali hili. Wamisionari wengi walizipiga vita ngoma hizi. Lakini huko Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, alikuwepo padri kutoka Kanada, David Clement, aliyeamua njia nyengine. Aliziingiza ngoma za Kisukuma ibadani, na mashindano ya ngoma yakafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi inayoangukia kipindi hiki hiki cha mavuno. Wanaiita Bulabo, yaani maua. Mpaka leo Wagika na Wagalu wanakutana pale. Sina haja ya kukubali ibada yake ili nione busara yake: hakuuliza tu "tukataze au turuhusu?" Aliuliza, "Katika hiki walichonacho, kipi cha kusimama nacho?"

Hilo ndilo swali letu pia.

Tusijifanye sisi hatumo

Msije mkadhani haya ni mambo ya Usukumani. Sisi wa visiwani tumeshindana tangu bibi zetu. Ulizeni wazee wa Unguja kuhusu vikundi vya taarab vya wanawake: Sahib el-Arry na Royal Air Force, Nuru el-Uyun na Royal Navy. Majina mazuri hivyo, lakini sare ilikuwa vita, nyimbo zilikuwa vita, na mafumbo waliyorushiana yalifanya majirani wasiazimane hata chumvi. Wasikilizaji waliojaa ukumbini walikuwa wanakuja kutazama tu? Hasha! Kila fumbo lilikuwa kali kwa sababu kulikuwa na watu wa kulipigia vigelegele.

Makunduchi kila Julai kuna Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, na wanawake wanaimba. Mila nzuri, nia yake ni kusafisha mioyo. Lakini sisi tunaotoka mjini tunafika na simu zetu, tunatafuta aliyeanguka, tunataka apigwe zaidi ili picha itoke. Mwenye mji anamaliza ugomvi, mtazamaji anauomba.

Hata ng'ambo ni hivyo hivyo. Shoga yangu ni muuguzi Ireland. Huko wana mchezo unaitwa hurling, watu kumi na tano kila upande, fimbo pana za mbao na mpira mdogo mgumu unaokwenda kama risasi. Ana vijana wenzake wa kazini wanaocheza, na wikiendi za mashindano ya klabu walimchukua, hijabu yake na koti lake la mvua. Klabu za huko kwa kawaida ni za parokia, na wachezaji hawalipwi: Jumapili mtu ni shujaa, Jumatatu yuko wodini anapima joto la wagonjwa. Kitu kilichomshangaza shoga yangu ni kwamba akifika tu uwanjani wanamuuliza uko upande gani. Si swali la udadisi. Wanataka kujua wakuweke wapi. Akasema upande wa wenzake wa kazini, na tangu siku hiyo wakishindwa wanampigia simu yeye kama kafiwa.

Na sasa njooni kwenye uwanja ambao kila mmoja wetu anao mkononi. Mtandaoni sheria ni ile ile ya Wagika na Wagalu: mwenye watu wengi ndiye mshindi, na kila anayefungua kuangalia amehesabiwa. Wanawake wawili wanavuana nguo za siri mtandaoni, wewe unasema, "Nilipita tu kuangalia." Umehesabiwa. Mtu anamdhalilisha mke aliyeachwa, unaangalia mpaka mwisho, unasema "astaghfirullah", unamtumia mwenzio. Umehesabiwa mara mbili. Aliyeweka ile video kesho ataweka nyengine, kwa sababu uwanja ulijaa, na wewe ulikuwa mmoja wa waliojaza.

Mtaani je? Mawifi wawili wanagombana uchochoroni. Wangegombana dakika mbili wakaona haya wakaingia ndani. Lakini sisi tunatoka na vijiko mikononi, tunazunguka, na kila mmoja wao sasa ana hadhira ya kuiridhisha. Hatukusema neno. Tulitazama tu.

Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu anakataza watu kuwadharau watu wengine, huenda wanaodharauliwa wakawa bora zaidi. Ingetosha hapo, kwa kuwa wanawake nao ni watu. Lakini aya haikuishia hapo. Ikatutaja sisi peke yetu, wanawake wasiwadharau wanawake wenzao. Nikiisoma aya ile huwa najiuliza tumefanya nini hata tutajwe. Baada ya Mkula nadhani najua sehemu ya jibu. Dharau ya wanawake mara nyingi haiwi na mpigaji mmoja. Huwa na duara.

Ukienda, nenda hivi

Basi mie sisemi usiende. Ningekuwa nasema hivyo ningejinyima moja ya wikiendi bora za maisha yangu. Nenda mpirani, nenda ngomani, nenda resi za ngalawa, nenda ukawatazame mabinti zetu wakicheza kandanda. Lakini:

Jua umekuja na nani. Kabla hujatoka nyumbani uliza, "Nani ananitegemea pale?" Kama umealikwa na mtu, haki yake inakuja kabla ya kioja chochote. Ukitaka kwenda upande wa pili, muage. Mama yule angenicheka na kuniambia nenda, na nisingekuwa na deni.

Pangilia sala zako kabla. Mchezo hauna adhana. Ukisali mapema na ukajua utasali wapi inayofuata, moyo unatulia na macho yanafaidi.

Vaa unavyovaa. Nilivaa buibui langu Mkula na hakuna aliyenibughudhi. Watoto waliniuliza kama nasikia joto, nikasema ndiyo, yakaisha. Heshima yako ukiibeba vizuri, wenyeji wanakusaidia kuibeba.

Shangilia, usitukane. Huhitaji kumwita mtu nyani ili timu yako ishinde. Na kama wimbo unamdhalilisha mtu, mwanamke khasa, nyamaza. Kunyamaza kwa watu ishirini kunasikika. Na asikwambie mtu kwamba kamari ya mechi ni sehemu ya ushabiki. Mtazamaji aliyeweka pesa hatazami tena, anangojea.

Simu iweke mkobani nusu ya muda. Ile nusu nyengine piga picha, lakini muulize mtu jina lake na kitu anachofanya. Usiondoke na sura ya mtu bila salamu yake.

Na kaa mpaka mwisho na walioshindwa. Hili nalisema kwa uchungu. Mshindi ana watu wengi, hakuhitaji. Duara lililobaki na wazee na wajawazito ndilo linalohitaji mtu mmoja zaidi.

Asubuhi ya Jumatatu

Kabla ya kupanda basi nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anatandaza nafaka juani, magoti yamefungwa kitambaa. Nikachutama mbele yake kama nilivyoona wenziwe wanafanya, nikamwambia mama, nisamehe, nilikukimbia kweli.

Akanitazama muda mrefu, kisha akasema hana la kusamehe, miguu ni yangu. Akaendelea kutandaza nafaka. Baada ya kitambo akaongeza, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Lakini Jumamosi ulipokuwepo, niliimba vizuri."

Dada zangu, sijapata kusikia sifa iliyonipendeza na kuniumiza kwa pamoja kama ile. Sikuimba, sikucheza, sikujua hata maneno ya wimbo. Nilisimama tu, na mtu wa miaka sitini na kitu akaimba vizuri kwa sababu nimesimama. Nikamwambia "wabeja", asante yao, neno langu la pili na la mwisho la Kisukuma, nikaondoka na michembe yangu.

Msimu ujao, Mungu akinipa uhai na nauli, nitarudi Mkula. Nimeshamwambia rafiki yangu anitafutie kitenge cha rangi ya kikundi chao nijifunge juu ya buibui. Na akitokea chatu, hata akija na watoto wake, mie sitoki.

Na wewe dada yangu, wiki hii miguu yako na macho yako vimesimama upande wa nani? Tujibizane kwa wema. Mola atujaalie tuwe mashahidi wa kheri, wala asituhesabu katika duara la shari. Amin.